Gari la Mikate

Lilikaa nyuma ya nyumba pale Maweni miaka sita,
kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva,
mpaka Chengo alipokuja likizo na msumeno.
Aling'oa rafu za trei, akaacha moja:
hiyo ndiyo meza.
Kitanda akakiweka ilipokuwa mikate ya siagi,
jiko la gesi ilipokuwa ile ya nusu.
Ubavuni maneno ya Baba yamefifia:
MKATE MO, halafu kutu.
Tukaliita Mo.

Nyuma tulifunga baiskeli mbili kwa vipande vya mipira,
na mbele, kati yangu na Chengo,
akakaa Mama, mkoba mapajani,
kama mtu anayekwenda benki.
"Marereni," alisema. "Nifikisheni Marereni."

Miaka thelathini na mmoja alimjazia Baba chai kwenye chupa.
Saa tisa usiku. Mlango ulialia, gari likakohoa,
naye akabaki na majina:
Mambrui, Gongoni, Fundisa, Marereni.
Aliyatamka kama majina ya wake wenza.

Daraja la Sabaki tulilivuka polepole.
Mchanga mwingi, maji machache,
ng'ombe wanavuka huku wakicheua.
"Huu ndio mto aliosema umefurika,
ndiyo maana akachelewa?"
Chengo akabadilisha gia isiyohitaji kubadilishwa.

Mambrui tukashusha baiskeli.
Tulikata vichochoro, kengele yangu mbovu, yake haipo,
tukipiga kelele sisi wenyewe, "Kengele! Kengele!"
mpaka mchanga ulipoyameza magurudumu
tukarudi tukisukuma, midomo mikavu, tukicheka.
Mama hajashuka.
Alikuwa anazitazama nyumba, moja moja.
"Ipi ina pazia la kijani?"
Tulijifanya hatujui anauliza nini.

Gongoni, pancha.
Fundi aliyatia maji karaini, akauzungusha mpira,
akangoja povu limwambie.
Akaisoma Mo, akatusoma sisi,
akakataa hela. Hakueleza.
Mama akamwandikia jina kwenye karatasi ya sukari.

Na Marereni, jua likianza kulegea,
watoto walilijia gari mbio, mikono juu,
wa umri usioweza kulikumbuka.
Tulikuwa na nusu mkate. Uliisha kabla sijaukata.
Dukani akatoka mwanamke mnene, mguu mmoja ukiburuta:
Mbodze wa Tsofa, mwenye daftari.
Alilifungua penye alama ya uzi.
"Anadaiwa."
"Najua," akasema Mama, "aliniambia wodini,"
akafungua mkoba:
elfu mbili mia nne na sitini, zimefungwa kwenye leso,
noti zimenyooka kama zimepigwa pasi.
Mbodze akahesabu. Akarudia kuhesabu.
Ndipo Mama akauliza, kwa upole wa kutisha,
"Na pazia lako ni la rangi gani?"
"Pazia? Mimi nina gunia, mama. La chumvi.
Mumeo alilala hapo nje, ndani ya gari, saa nzima kila siku.
Ukimpa chai hataki. Eti anayo yake."

Mama alicheka mpaka akashika mlango.
Sijui alicheka nini. Sijamuuliza.

Kisha akakunja leso, akadai baiskeli.
Akapanda keria, upande upande, miguu pamoja,
ameshika shati la Chengo kwa ngumi mbili,
na wakaenda kando ya mabwawa ya chumvi,
weupe kulia, weupe kushoto,
naye akimkemea, "Polepole, hujabeba mikate!"

Usiku joto liliyafanya mabati yatoe jasho
na Mo ikanuka hamira, miaka sita baadaye.
Mama alilala penye siagi.
Saa tisa nikasikia mkono wake gizani
ukipapasa meza, ukitafuta chupa ya kujaza,
ukagusa miguu ya Chengo, mdereva wa leo, inakoroma pamoja naye,
ukatulia juu yake.